Wimbo wa Ndagala

Walimu wenzangu, mwaka unapokaribia kwisha vijana wa hapa Bujumbura hupenda kuhesabu ushindi wa nchi yetu mbele ya mataifa, na hesabu hiyo haichukui muda mrefu. Huanza na Vénuste Niyongabo, aliyetuletea medali ya dhahabu ya mbio za mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996. Humfuatisha Francine Niyonsaba na medali yake ya fedha ya Rio, mwaka 2016. Kisha, ikiwa katika kikao yupo apendaye muziki, hutajwa Hope Irakoze. Nataka kusema machache juu ya huyu wa tatu, au niseme kwa uaminifu zaidi, juu ya usiku aliposhinda, na juu ya kosa nililolitenda mimi mwaka uliofuata kwa sababu ya furaha ya usiku ule.

Shindano lenyewe liliitwa Tusker Project Fame. Lilianza Nairobi mwaka 2006, likabeba jina la bia mashuhuri ya Kenya, na kazi yake ilikuwa kuwakusanya vijana waimbaji wa Afrika Mashariki katika nyumba moja, wakafundishwa kuimba, na kila juma wakapanda jukwaani mbele ya waamuzi na mbele ya kamera za televisheni. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe wa simu, na aliyepungukiwa na kura alifunga virago. Msimu wa kwanza alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 akafuata Esther Nabaasa wa Uganda, mwaka 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda, mwaka 2010 Davis Ntare wa Uganda, na mwaka 2012 Ruth Matete wa Kenya. Mwaka 2013, katika msimu wa sita, akashinda Mrundi, na zawadi ilikuwa shilingi milioni 5 za Kenya.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, na atazame hesabu ya watu. Sensa yetu ya mwaka 2008 ilikuta Warundi milioni 8 na kidogo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilikuta watu zaidi ya milioni 38, na ile ya Tanzania ya mwaka 2012 ikakuta karibu milioni 45. Nchi ndogo ya namna hii, ambayo wengi wa watu wake huishi mashambani mbali na televisheni, haiwezi kumpa mwanawe ushindi kwa kura za nyumbani peke yake. Lazima awepo mtu wa Kisumu, au wa Mbarara, au wa Mwanza, aliyeshika simu yake akamchagua kijana wa watu ambaye kwao hajapata kufika. Mimi hilo lilinigusa kuliko fedha. Sisi ambao majirani walizoea kututaja kwa habari za vita, safari hii tulichaguliwa kwa sauti.

Usiku ule nilikuwa Buyenzi, katika mgahawa wa chai ulio jirani na nyumba ya mama yangu. Mwenye mgahawa alikuwa amesogeza viti na kuiweka televisheni juu ya kabati la mikate. Mzee mmoja wa msikitini alikataa katakata kugeuza uso wake kuelekea kioo kwa sababu, alisema, hawezi kutazama kitu kilichobeba jina la pombe, lakini alikaa papo hapo akiipa mgongo televisheni, na kila baada ya dakika chache akawa akituuliza, "Yule wetu bado yumo?" Tulipomwambia kuwa ameshinda, alisimama akatushika mikono mmoja mmoja kana kwamba ni siku ya Idi. Kisha akauliza swali ambalo lilituharibia raha kidogo. "Ameimba kwa lugha gani?"

Hapakuwa na jibu la kuficha. Sehemu kubwa ya shindano lile iliendeshwa kwa Kiingereza, na nyimbo zilizoimbwa zilikuwa kwa wingi za Kiingereza. Wengine walisema ni sawa, kijana amewashinda kwa lugha yao. "Lugha ya nani?" akauliza mzee. "Ya Mkikuyu? Ya Muha?" Jina lake kijana, kwa hakika, lilikuwa limekwisha kutoa muhtasari wa mambo yetu: Hope, yaani Tumaini, ni la Kiingereza, Irakoze ni la Kirundi, ambalo kila mmoja wetu hulisikia kama shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Kiswahili hakimo, na mjadala wote huu juu ya jina hilo tuliufanya kwa Kiswahili.

Yafaa nikumbushe kwamba ulimwengu uliisikia Burundi zamani sana kabla ya simu za mkononi, lakini uliisikia bila neno. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa nchi hii, na sauti ile ikasafiri. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, aliiweka chini ya wimbo wake mmoja, na baadaye vijana wa Uingereza wakaiga mapigo yake wakapata nayo jina. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Ngoma haihitaji mkalimani, na labda ndiyo sababu ilifika mbali hivyo. Wimbo ni shughuli nyingine. Anayeimba hana budi kuchagua lugha, na akichagua amekwisha kusema yeye ni nani na anaongea na nani.

Binti mmoja wa Bujumbura alilifanya chaguo hilo mapema. Khadja Nin, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1959, alihamia Ubelgiji, na huko Ulaya, ambako hakuna aliyemlazimisha wala aliyemwelewa, akaimba kwa wingi kwa Kiswahili. Albamu yake ya mwaka 1994 aliiita "Ya Pili", kwa sababu ilikuwa ya pili, na ile ya mwaka 1996 aliiita "Sambolera". Hakupelekwa na nchi wala hakupigiwa kura. Wako pia waliofuata njia ya Nairobi, kama Kidum, ambaye huimba Kirundi na Kiswahili, na Wakenya wengi humhesabu kuwa mtu wao.

Wazungu nao wana shindano lao la nyimbo za mataifa, Eurovision, lililoanza mwaka 1956, na swali la yule mzee wa mgahawani limewasumbua kwa miaka mingi. Kuna nyakati walipoamuru kila nchi iimbe lugha yake. Kati ya mwaka 1973 na 1976 wakaliacha sharti hilo, na katika nafasi hiyo, mwaka 1974, Abba wa Uswidi wakashinda kwa Kiingereza. Wakalirudisha sharti, kisha mwaka 1999 wakaliondoa tena, na tangu hapo wengi hukimbilia Kiingereza. Lakini Ureno, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1964 bila kupata kushinda, ilishinda mwaka 2017 kwa Kireno, kwa wimbo wa taratibu ulioimbwa na Salvador Sobral na kutungwa na dada yake. Nasimulia haya kwa kuwa nilipoyasoma yalinikuta tayari nimekwisha kuadhibiwa na somo hilo kwa njia yangu ndogo.

Mimi nilizaliwa Buyenzi, katika mojawapo ya zile barabara zisizo na majina ila tarakimu. Nyumbani tulisema Kiswahili cha mtaa wetu, kilichotoka Ujiji na Manyema pamoja na mababu, kikakaa na Kirundi muda mrefu hadi vikashirikiana sahani. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1980 neno "Mswahili" kinywani mwa wengi lilimaanisha mtu mjanja, mwongo, asiye na shamba wala asili. Nilipoteleza nikasema Kiswahili darasani, mwalimu mmoja alinisimamisha ukutani hadi kengele ikalia. Miaka ikapita, nikapata stashahada ya ualimu, nikajifunza Kiswahili sanifu kwa bidii ya mtu anayefua nguo yenye doa. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapewa nafasi katika shule za msingi, watu wale wale waliotucheka wakaanza kutuuliza bei ya masomo ya jioni. Nilikuwa na kamusi, nilikuwa na kalamu nyekundu, na niliapa kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayechekwa na Mtanzania.

Kwa hali hiyo ya moyo ndipo lilipotujia, mwaka 2014, shindano dogo la nyimbo la shule za pande mbili za mpaka. Lilikuwa lifanyike Kigoma, na kila shule ilete wimbo mmoja wa Kiswahili uliotungwa na wanafunzi wenyewe. Wanafunzi wangu, ambao bado walikuwa na homa ya ushindi wa Hope Irakoze, waliona kwamba zamu yao imefika. "Mwalimu," waliniambia, "tunaenda kuwakilisha nchi." Niliwasahihisha kwamba tunawakilisha shule, lakini ndani yangu nami niliamini kuwa ni nchi.

Wimbo ulitungwa na binti mmoja wa darasa la tisa. Mama yake alikuwa mwuza ndagala katika soko kuu la Bujumbura, lile lililoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Siku ile wafanyabiashara wengi walirudi nyumbani wakiwa na funguo za vibanda visivyokuwapo. Mama yake alianza upya katika soko la Ruvumera, akiuza kwa kutandaza chini. Binti alitunga juu ya hayo. Aliniletea daftari. Ubeti wa kwanza ulianza: "Mama iko anauza ndagala." Palikuwa na ndagala, palikuwa na mukeke, na kila ubeti uliishia kwa neno la Kirundi ambalo watu humwambia aliyefikwa na msiba: "ihangane."

Nilichukua kalamu nyekundu. "Iko anauza" nililikata. Sentensi hiyo ingetufedhehesha. "Ndagala" nikalikata, nikaandika "dagaa", kwa kuwa ndilo neno la kamusi. "Mukeke" nikaandika "mgebuka", maana ndivyo samaki yule yule anavyoitwa upande wa Kigoma. "Ihangane" nikaandika "vumilia". Nilijisifu kwa ufundi wangu wa mizani. Mstari wa kwanza wa binti ulikuwa na mizani 11. Wangu, "Mama yangu anauza dagaa", nao una 11. "Ihangane" ina mizani 4 na "vumilia" ina 4. "Mgebuka" pekee ilizidi kwa mizani moja, nikakata neno jingine ili nafasi ipatikane. Binti alitazama daftari lake akasema, "Mwalimu, lakini mama hauzi dagaa." Nilimweleza kwa upole kwamba ni samaki wale wale wa ziwa lile lile. Hakubishana. Kwetu mwanafunzi habishani na mwalimu. Tukafanya mazoezi kwa miezi mitatu.

Tulisafiri kwa basi kwa njia ya Rumonge na Nyanza-Lac, ziwa likiwa mkono wetu wa kulia muda wote, tukavuka mpaka Mugina, tukaingia Manyovu, tukateremka hadi Kigoma. Watoto waliimba njia nzima. Siku ya pili walipanda jukwaani wakaimba bila kukosea neno. Matamshi yao yalikuwa safi. Nilikuwa nimeketi mstari wa tatu nikifuata silabi kwa midomo yangu, na kila silabi ilikuwa mahali pake, nami nilihisi kwamba ukumbi haukuwa nasi. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa. Binti mwenyewe aliimba macho yakiwa yametazama saa ya ukutani.

Mwamuzi mkuu alikuwa mwalimu mzee wa Kigoma, Muha, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Baada ya makofi alisimama akasema, "Ndugu mwalimu, sauti ni nzuri, na Kiswahili hakina kasoro. Lakini je, mmetoka Bujumbura mkavuka mpaka ili kuja kutuuzia dagaa wetu sisi wenyewe?" Ukumbi ulicheka. Hapo ndipo nilipochekwa na Mtanzania, kwa Kiswahili sanifu.

Yule mzee hakucheka. Alimgeukia binti. "Mwanangu, kwenu mnawaitaje?"

"Ndagala."

"Na mama, soko lilipoungua, watu walimwambiaje?"

Binti alisita, akanitazama, halafu akasema, "Walimwambia ihangane."

Katika safu za mbele walikuwapo akina mama kadhaa wa mji, na niliwasikia wakiitikia kwa sauti ya chini, kama wanavyoitikia msibani. Walikuwa Waha. Mwenye kujua Kiha na mwenye kujua Kirundi huelewana bila mkalimani. Jambo hilo nililijua vizuri, hata nimepata kulifundisha, na bado nilikuwa nimeliondoa kwenye wimbo neno pekee ambalo ukumbi mzima ungelipokea bila kuulizwa. Tulitoka wa tano kati ya shule sita.

Siandiki haya ili kuwaambia walimu wenzangu waache kusahihisha. Bado nafundisha upatanisho wa ngeli, na bado "iko anauza" katika karatasi ya mtihani hupata alama yake nyekundu, kwa sababu mtihani ni mtihani na mtoto wa Buyenzi anastahili kufaulu kama mtoto wa Moshi. Lakini daftari lile halikuwa karatasi ya mtihani. Mimi nililisoma kwa macho ya yule mtoto aliyesimamishwa ukutani, nikamtendea binti wa watu kile nilichotendewa, kwa tabasamu na kwa kamusi. Hata samaki nilimnyang'anya jina.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama Nyanza-Lac, wauzaji walileta sahani za samaki waliokaushwa hadi madirishani, na wavulana wa nyuma wakaanza kupiga kelele, "Dagaa! Dagaa!" wakicheka. Wauzaji waliwatazama wasielewe mzaha ni nini. Binti alinunua za mama yake za faranga elfu moja, akazifunga katika gazeti. Nilitaka kumwambia neno, nikatafuta neno lenyewe hadi tukafika Bujumbura. Sikumwomba radhi. Nililelewa katika ualimu ambao mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi, na desturi hiyo ilinifaa sana siku ile.

Mwezi wa Aprili mwaka 2015 machafuko yalianza mjini, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Wengi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakisubiri Liemba, ile meli kongwe iliyotengenezwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iwapeleke Kigoma, na kutoka huko wapelekwe kambini Nyarugusu. Nilisikia kwamba mwuza ndagala yule na binti yake walikuwa miongoni mwao. Kiti chake darasani nilikiacha wazi hadi mwisho wa muhula, halafu akaja mwanafunzi mwingine akakikalia.

Mwaka 2017, jioni moja, simu yangu ililia kwa namba ya Tanzania.

"Shikamoo, mwalimu."

Salamu hiyo hakuwa nayo alipokuwa kwangu, aliipata huko. Niliitikia. Aliniambia kwamba mama hajambo, na kwamba yeye na wenzake kambini wameunda kikundi, nao watapewa nafasi ya kuimba mbele ya wageni. Wangependa kuimba wimbo wa soko.

"Si unaujua?" nikamwuliza.

"Naujua ule wa kwako, mwalimu. Tuliurudia mno. Ule wa kwangu umenipotea. Nikianza mstari, lako ndilo linalotangulia."

Nilimwomba asubiri. Daftari lilikuwa katika kasha chini ya kitanda, pamoja na barua za posho ya safari ile ambayo hadi leo sijalipwa. Nililiweka chini ya taa. Kalamu yangu ilikuwa imepita juu ya maneno yake kwa mstari mmoja mmoja tu ulionyooka, kama nilivyofundishwa chuoni ili mwanafunzi aweze kuliona kosa lake, na kwa hiyo yote yalisomeka. Nikaanza kumsomea polepole, naye akawa ananukuu huko aliko. Nilipofika penye mukeke alinikatiza.

"Rudia hapo, mwalimu."

Nikarudia.